Likizo ya Askari na Safari ya Mashua Kazinga

Askari wa jeshi au wa polisi anapopewa ruhusa ya likizo, mara nyingi siku zake humalizika kabla hajajua zimekwenda wapi. Nyingine humezwa na safari ya kwenda nyumbani, nyingine na madeni ya jamaa, na zilizobaki hupotea katika vilabu vya pombe. Huko Kasese na Bwera, magharibi ya Uganda, ipo starehe iliyo karibu ambayo watu husafiri maelfu ya maili kuitafuta, lakini askari wengi huipita barabarani bila kuifikiria. Starehe hiyo ni safari ya mashua katika Mfereji wa Kazinga, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth.

Ingawa huitwa mfereji, Kazinga haukuchimbwa na mkono wa mtu. Ni mkono wa maji wenye urefu wa zaidi ya kilomita 30, unaounganisha Ziwa George na Ziwa Edward. Mito inayoshuka kutoka milima ya Rwenzori huingia Ziwa George, maji yakapita Kazinga hadi Ziwa Edward, kisha Mto Semliki huyachukua mpaka Ziwa Albert, na hatimaye yakaingia katika Nile. Hivyo basi, maji anayoyaona mkazi wa Kasese yakipita chini ya daraja la Nyamwamba ni ndugu wa maji yanayofika Misri.

Nchi hiyo ilitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1952 kwa jina la Kazinga, na mwaka 1954 ikapewa jina la Malkia Elizabeth wa Uingereza aliyeizuru. Wakati wa utawala wa Idi Amin iliitwa Rwenzori, na baadaye ikarudishiwa jina lake la awali. Eneo lake ni kilomita za mraba 1,978, na aina za ndege walioonekana humo zinazidi 600. Kingo za Kazinga ni makao ya viboko wengi, mamba, nyati, na tembo wanaoshuka kunywa maji.

Safari yenyewe huchukua muda wa saa mbili hivi. Mashua huondoka katika gati la Mweya, ikafuata kingo polepole kuelekea mahali mfereji unapoingia Ziwa Edward. Ni safari fupi, wala haifanani na zile za meli kubwa za kitalii zinazotia nanga Mombasa na Unguja. Hata hivyo, kanuni za kuipanga na kuifurahia ni zile zile: aliyejitayarisha nchi kavu ndiye atakayestarehe majini.

Jambo la kwanza ni kuchagua wakati. Miezi ya mvua nyingi ni kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Novemba. Nyakati hizo barabara za hifadhini huwa na matope, na mito ya milimani huweza kufurika bila kutoa onyo la kutosha, kama Nyamwamba ulivyofurika Mei 2013 na tena Mei 2020, ukaharibu nyumba na kuwafukuza watu katika makazi yao. Askari anayeweza kuchagua tarehe za likizo yake na achague miezi ya kiangazi. Katika siku yenyewe, alasiri ni saa njema, kwa kuwa jua kali huwasukuma wanyama kuyafuata maji. Anayependa ndege na hewa baridi atafaidi zaidi asubuhi.

Jambo la pili ni fedha. Gharama ni zaidi ya moja: ipo ada ya kuingia hifadhini, ipo ada ya mashua, na ipo nauli. Raia wa Afrika Mashariki hutozwa ada iliyo chini sana kuliko ya mgeni kutoka ng'ambo, lakini sharti athibitishe uraia wake. Kwa hiyo kitambulisho cha taifa kisiachwe kambini. Ni busara kuulizia viwango na namna ya kulipa kabla ya kuondoka, kwa maana ada hubadilika, na si kila lango hupokea fedha taslimu. Gari la kukodi likichangiwa na familia mbili au tatu, mzigo wa kila mmoja hupungua. Aidha, starehe hulipiwa kwa akiba. Vyama vya akiba na mikopo, kama Wazalendo kwa wanajeshi na Exodus kwa polisi, viliundwa ili kumwinua askari. Mkopo wa kujenga nyumba au kusomesha mtoto una maana, bali mkopo wa kwenda kutazama viboko ni kujitwisha mzigo wa miezi mingi kwa furaha ya saa mbili.

Jambo la tatu ni njia. Anayetoka Bwera hufuata barabara ya Mpondwe hadi njia panda ya Kikorongo, ambako hukutana na anayetoka Kasese. Jirani na hapo barabara hukata mstari wa Ikweta, kisha huendelea hadi daraja la Katunguru, linalovuka mfereji wenyewe. Kutoka barabara kuu mpaka Mweya ni mwendo mrefu ndani ya mbuga. Hapana basi la abiria litakalompeleka mtu, wala haifai kwenda kwa miguu au kwa bodaboda katika nchi ya simba na nyati. Ni lazima usafiri wa kwenda na kurudi upangwe mapema, na mtu awe gatini kabla ya saa ya kuondoka. Achukue kofia, maji ya kunywa, shati la mikono mirefu na, akiweza kuazima, darubini. Watoto wapelekwe msalani kabla ya kupanda.

Hapa ndipo mazungumzo haya yanapofika katika jambo lenye uzito. Gatini, kila abiria huvaa jaketi la kujiokolea na kuketi mahali anapoonyeshwa na nahodha. Akiona askari miongoni mwa abiria, karani wa gati huenda akasema, “Karibu, afande,” akataka kumpisha yeye na jamaa zake hata kama mashua imekwisha jaa. Heshima hiyo na ikataliwe. Cheo huachwa nchi kavu, kwa sababu maji hayapigi saluti. Katika mashua, mkubwa ni mmoja, naye ni nahodha. Koplo na brigedia huketi mbele yake wakiwa abiria sawa.

Sababu yake ni ya uchungu, na imeandikwa katika historia ya maziwa yetu. Tarehe 21 Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na mamia wakapoteza maisha. Tarehe 20 Septemba 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa watu zaidi ya 200. Nacho kilikuwa kimezidisha abiria. Miezi miwili baadaye, tarehe 24 Novemba 2018, mashua ya starehe ilizama Ziwa Victoria katika wilaya ya Mukono, wakafa watu zaidi ya 30 waliokuwa wametoka kwenda kuburudika. Polisi walieleza kwamba chombo hicho kilikuwa kibovu na kilijaza watu kupita uwezo wake.

Mashua iliyojaa kupita kiasi huzama chini zaidi, na ukingo wake hukaribia maji. Wimbi dogo tu hutosha kuingia ndani. Watu wakisimama, uzito hupanda juu na chombo huyumba. Tembo akitokea upande mmoja, na abiria wote wakakimbilia upande huo kupiga picha, huweza kukipindua chombo ambacho dakika moja kabla kilikuwa salama. Kwa hiyo kanuni ya kuketi si ukali wa nahodha. Kadhalika, mkono usining'inizwe nje, kwa kuwa kiboko na mamba hawatangazi wanakojitokeza. Pombe nayo isubiri mpaka kurudi.

Hata meli kubwa za dunia zimejifunza somo hili. Tarehe 13 Januari 2012, meli ya kitalii ya Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio, Italia, wakafa watu 32. Baadhi ya abiria waliopanda siku hiyo walikuwa hawajafanyishwa mazoezi ya kujiokoa. Tangu hapo sheria ya kimataifa ilikazwa, na mazoezi hayo hutakiwa kufanywa kabla ya meli kuondoka au mara tu inapoondoka. Askari anayejua thamani ya kukagua silaha kabla ya doria hana sababu ya kupuuza maelezo ya nahodha.

Lipo tena jambo la ulinzi. Watu wa Bwera na Kasese hawajasahau tarehe 16 Juni 2023, wanafunzi walipouawa katika shule ya Mpondwe Lhubiriha. Wala tarehe 17 Oktoba mwaka huo huo, watalii wawili na kiongozi wao Mganda walipouawa ndani ya hifadhi hii. Utulivu anaoufurahia abiria wa Kazinga hulindwa usiku na mchana. Kwa hiyo askari aliye likizoni asipige picha za vituo vya ulinzi, wala asijisifu mbele ya wageni kwa habari za kikosi chake.

Sheria inaagiza kwamba asilimia 20 ya ada za kuingia hifadhini ziwarudie wananchi wanaoizunguka. Mgeni anaporudi kwao salama na kuwaambia wenzake, wanakijiji wa Kasese hupata sehemu yao. Anapodhurika barabarani au majini, sehemu hiyo nayo hupotea.

Askari apeleke mke wake, au mume wake, na watoto wake wakaione Kazinga. Alipe ada kama raia wengine, avae jaketi, aketi panapotakiwa, na mashua ikiwa imejaa, asubiri inayofuata. Abiria wa kawaida humtazama mwenye sare hata akiwa hakuivaa. Yeye akiketi, nao wataketi.