Mashariki mwa Congo: pesa zichelewapo, bunduki haichelewi

Zaidi ya watu 100, wapiganaji wa zamani pamoja na wake na watoto wao, walikufa kwa njaa na magonjwa katika kambi ya Kotakoli, jimbo la Équateur, hadi mwaka 2014. Walikuwa wamekwisha kuacha silaha, wakingojea serikali.

Ndiyo sababu mpango wa P-DDRCS, uliyoundwa Julai 2021, ulichagua njia ingine: kijana arudi kwao, na pesa zimfuate kijijini, kwa useremala, kushona nguo ao kulima. MONUSCO nayo ilifadhili miradi midogo ya aina hiyo, lakini iliondoka Kivu ya Kusini Juni 2024.

Kijana aliyefunzwa useremala bila kupewa hata msumeno, kikundi chenye kumiliki silaha kinajua nyumba yake.