Chakula cha Aliyepooza kwa Kuumia Uti wa Mgongo

Katika mwambao wetu si ajabu kusikia kuwa fulani ameanguka mnazini, au amepinduka na gari, akavunjika uti wa mgongo na miguu yake ikapooza. Jamaa zake humpokea kwa huruma, na huruma hiyo mara nyingi huwa ni samli, halua, maandazi na chai yenye sukari tele. Kumhurumia ni wajibu. Lakini yatupasa tuangalie chakula hicho chafanya nini mwilini mwake.

Zamani watu hawa hawakuishi muda mrefu. Wengi waliuawa na vidonda vya kulalia na maradhi ya kibofu na mafigo. Mwaka 1944 daktari Ludwig Guttmann alianza kuongoza kituo kipya cha kuwatibu katika hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, ikadhihiri kuwa wakitunzwa vyema huishi na kufanya kazi. Walipoishi miaka mingi, yakaonekana maradhi mengine. Mwaka 1994 wataalamu wawili wa Marekani, William Bauman na Ann Spungen, walieleza habari za askari wa zamani 100 waliopooza kwa jeraha hilo: 22 walikuwa na ugonjwa wa sukari, hali kati ya wenzao 50 wasiopooza walikuwa 3 tu.

Sababu yake ni hii: misuli isiyotumika hunywea, nayo ndiyo itumiayo sehemu kubwa ya sukari ya damu. Basi mwili huhitaji chakula kichache kuliko kwanza, na kinachozidi hugeuka mafuta. Wala mizani haisemi kweli yote, kwani misuli hupungua na mafuta huongezeka, na uzito ukabaki ule ule.

Hatusemi ashindishwe njaa. Apunguziwe sukari, samli na vya kukaanga. Apewe samaki, mayai, maziwa na kunde, kwani vidonda haviponi upesi bila ya hivyo. Na mboga na matunda, kwa kuwa matumbo yake huwa mazito. Na mikono yenye nguvu ifanyishwe mazoezi.

Jambo moja twalikemea. Wako wagonjwa wajinyimao maji kwa kuona haya kuwasumbua watu wa nyumbani kwa haja ndogo. Haya hiyo huleta maradhi ya mafigo, na dhambi yake ni yetu tuliomkunjia uso. Na anywe kwa kadiri aliyopangiwa na tabibu.

Ama Ramadhani, asiamue peke yake. Tabibu mwaminifu akisema saumu itamdhuru, sheria imempa ruhusa ya kula. Na ikiwa hakuna tumaini la kupona, atatoa kwa kila siku kibaba kimoja cha chakula kumpa maskini, kwa madhehebu ya Imamu Shafi. Kuikubali ruhusa ya Mola si upungufu wa imani, wala asichekwe mtu kwa hilo.

Enyi vijana, mkimzuru ndugu huyu, mpelekeeni matunda badala ya halua, na mkae naye mzungumze. Wallahu aalam.