Kipimo cha Waya

Ilikuwa baada ya swala ya Alasiri walipofika vijana wawili na ngazi yao, nasi tukakubali kuvutiwa waya wa intaneti nyumbani kwetu hapa Airport, upande wa Changamwe. Kwa muda mrefu nyumba yetu ilikuwa ikila bando kama moto ulavyo kuni. Binti yetu yuko chuoni, na masomo yake mengi huyafuata mtandaoni. Mama wa nyumba huuza mabuibui na huwatumia wateja picha zake. Nasi wenyewe huwasomesha tajwidi vijana watatu walioko ughaibuni. Tulipiga hesabu tukaona shilingi 2,500 kwa mwezi ni nafuu. Vijana wale wakatupa mkataba wa kurasa nne, tukautia sahihi bila kuusoma. Hilo ni kosa letu la kwanza, na tunalikiri mapema, ili msomaji asitudhanie kuwa tumekuja kuwalaumu wengine tu.

Miezi miwili mambo yalikuwa mazuri. Masika yalipoingia, asubuhi moja tuliamka tukakuta taa nyekundu inapepesa kwenye ruta. Tulipiga simu. Binti aliyepokea alituitikia kwa adabu, akatupa nambari ya lalamiko, akatuahidi fundi ndani ya saa 24. Siku nne zikapita bila ya fundi. Tulipopiga tena tulipewa nambari nyingine na ahadi ile ile. Mara ya tatu tuliambiwa kwamba kebo ya baharini imekatika, kwa hivyo tuwe na subira.

Subira ni jambo jema, lakini haizuii kuuliza. Ni kweli kwamba intaneti yetu hupita chini ya bahari. Kebo ya TEAMS, itokayo Fujairah, ilifika Mombasa mwaka 2009, na SEACOM ikaanza kazi mwaka huo huo. EASSy ikafuata mwaka 2010. Ni kweli pia kwamba kebo hizo hukatika. Mwezi Februari 2012, nanga ya meli iliikata TEAMS karibu na bandari yetu, na mwezi Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, watu wa Kenya na Tanzania wakataabika. Lakini kebo ya bahari ikikatika, taa ya ruta yako haigeuki nyekundu kwa sababu hiyo. Taa ile ina maana kwamba mwanga unaotoka kwa kampuni haufiki nyumbani kwako. Aibu ilikuwa mtaani, nayo bahari ikasingiziwa.

Mwisho wa mwezi ukafika, na bili ikaja kamili: shilingi 2,500, pamoja na onyo kwamba tusipolipa, huduma itakatwa. Huduma yenyewe ilikuwa imekatika siku ya 11!

Siku hiyo ndipo fundi alipofika. Alipanda nguzo akakuta kisanduku cha maungio kimeingia maji ya mvua. Akakikausha, akaunga upya, taa ikawa kijani. Hapo tukatoa malalamiko ya pili: hata siku ambazo huduma ilikuwapo, kasi haikuwa ile tuliyouziwa. Fundi akatufahamisha kwa upole mambo mawili ambayo kila nyumba yafaa iyajue. Kwanza, tuliandikiwa “hadi megabiti 10 kwa sekunde”, na neno “hadi” ni dari, si sakafu. Pili, megabiti si megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane, kwa hivyo megabiti 10 ni megabaiti moja na robo tu kwa sekunde. Kisha akachomeka waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye tarakilishi yake, akapima. Kasi ikatoka megabiti 4.

Akafuata waya kwa macho. Nyuma ya kabati la vyombo aliukuta umekunjwa kama kamba ya kuanikia nguo. Akatwambia kwamba ndani yake mna uzi wa kioo, na uzi huo ukikunjwa sana mwanga huvuja. Akaunyoosha. Kisha akauona waya mwingine, unaotoka kwenye ruta na kupita dirishani.

“Ustadh, na huu waenda wapi?”

Tulinyamaza. Waya ule ulikwenda kwa jirani yetu, mama mmoja mjane. Binti yake anafanya kazi za nyumbani Saudia, na njia yao ya kuonana ni simu ya video. Tulimvutia waya ule sisi wenyewe, naye alitupa shilingi 700 kila mwezi. Tuliona tumefanya wema. Fundi akafungua ukurasa wa tatu wa mkataba, akatuonyesha kwa kidole: huduma ni ya nyumba moja, haivutwi nje, wala haiuzwi.

Wiki hiyo hiyo tulikuwa tukiwafunza watoto wa madrasa Suratul Mutaffifin, ambayo huanza kwa onyo kali kwa watu wanaopokea kipimo kamili na kuwapunja wengine wanapowapimia. Tuliwafahamisha watoto kwa mfano wa mizani ya sukari na kibaba cha mchele. Haikutupitikia kwamba kipimo chaweza kuwa cha waya, na kwamba mpunjaji aweza kuwa amevaa kanzu. Siku 11 tulilalama kwamba tunapunjwa, nasi huku tunauza tusichoruhusiwa kuuza, tena kwa jirani.

Usiku tuliketi na mama watoto. Tulitaka kuiandikia kampuni barua ya kudai siku zetu 11, na ndani yake tuutaje waya wa dirishani. Mama watoto akahofu.

“Mwajipeleka wenyewe,” alisema. “Watatukatia, na mtoto ana mitihani.”

Hofu yake haikuwa ndogo, nasi tuliibeba hadi Alfajiri. Lakini mtu hadai haki kwa ulimi mmoja na kuficha dhima kwa mwingine. Tuliandika vyote viwili: tarehe ya kila simu, nambari za malalamiko, siku 11, na waya wetu, ambao tulikuwa tumekwisha kuuondoa.

Kabla ya kuuondoa tulikwenda kwa jirani, tukamrejeshea fedha za mwezi huo na kumweleza. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: “Sasa Ijumaa nitamwona vipi mwanangu?”

Swali hilo halikuwamo katika kurasa nne zile. Tukauliza kampuni: je, mgeni aliyeketi ndani ya nyumba yetu aruhusiwa kutumia? Wakajibu kwamba hilo halina kizuizi. Tangu hapo, kila Ijumaa baada ya Alasiri, mama huyo huketi ukumbini kwetu na simu yake. Sisi hutoka barazani ili wapate faragha. Halipi kitu, na mara nyingi huja na sahani ya mahamri.

Barua yetu ilijibiwa baada ya wiki mbili. Tulionywa juu ya waya, na siku 11 zikapunguzwa katika bili iliyofuata, shilingi 916. Hatukukatiwa.

Enyi akina mama na wazazi, katika ijara kinachouzwa ni manfaa, na manfaa yasipopatikana mteja ana neno la kusema. Sheria ya nchi nayo yasema hivyo: Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 46, imempa mteja haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kuelezwa anachokinunua, na haki ya fidia akipata hasara. Usome mkataba kabla ya sahihi. Ukipima kasi, pima kwa waya, kwani kuta zetu nene hupunguza nguvu za waifai. Andika tarehe ya kila hitilafu na nambari ya kila lalamiko. Anza kwa kampuni yenyewe, na usiporidhika upeleke lalamiko lako kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Na kabla ya kutuma barua, ufuate waya wako kutoka kwenye ruta hadi unapoishia, uone wenda wapi.

Wabillahi tawfiq.