Bao Hufunza, Kamari Hufilisi

Kabla ya daraja la Kigongo–Busisi kufunguliwa mwezi Juni 2025, aliyetoka Mwanza kwenda Kome au Maisome kwa njia ya Kigongo, wilayani Misungwi, hakuwa na budi kusubiri kivuko. Katika kusubiri huko tulikuta mara nyingi makundi mawili. Moja lilizunguka karata za kamari, lina kelele. La pili lilizunguka bao, ambalo Wasukuma huliita isolo, lina fikra. Yote tuyajuayo juu ya bao tuliyapata katika kundi hilo la pili, na leo twayatoa kwa faida ya wote.

Kwanza, fumba mdomo. Kaa nyuma ya mchezaji hodari, uamue moyoni ungecheza shimo lipi, kisha utazame yeye achezavyo. Ukikosea, umekosea bila aibu wala gharama.

Pili, jifunze kutega. Katika bao, mwenye nafasi ya kula hana hiari ya kuiacha. Basi usiulize tu, "Nitakula nini?" Uliza pia, "Nikicheza hivi, mwenzangu atalazimika kula wapi?" Mvuvi wa ndoano ajua kwamba chambo si hasara.

Tatu, usiabudu nyumba. Kila mchezaji huanza na kete 32: 10 ubaoni, zikiwamo 6 za nyumba, na 22 mkononi. Mwanafunzi hurundika nyumbani hata rundo zima likaliwa kwa pigo moja. Fundi hujua saa ya kulinda na saa ya kusambaza.

Nne, ukifungwa usidai marudiano upesi. Mwombe mshindi azirudishe kete mpaka pale ulipopotea.

Tano, na ndilo kubwa, usicheze kwa fedha. Aliyeweka fedha huogopa kutoa chambo, hukimbilia kurudisha kilichopotea, wala hapati nafasi ya kuuliza kosa lake. Hivyo hupoteza fedha na elimu pamoja.

Wenzetu wa visiwani wanayajua haya. Siku za mbalamwezi taa hazivuti dagaa, na mitumbwi hupumzika. Jasho la usiku wa giza huliwa na karata mchana, na ada ya mtoto huenda nalo.

Kwa watendaji twasema hivi: Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 ipo, na itekelezwe. Lakini kamari ikifukuzwa mwaloni bila kuachiwa mbadala, huhamia kichakani. Wekeni kivuli na mbao za bao. Gharama yake ni gogo na mbegu. Kisha ninyi wenyewe mkae mcheze. Mwalimu Nyerere alikuwa Rais na alicheza bao. Kiongozi anayekubali kufungwa na mvuvi mbele ya watu atasikia mengi ambayo mkutanoni hayasemwi.