Tano ya Waselti

Ukimwomba Mwayalandi ahesabu, akifika tano atasema cúig. Mwelisi, ng'ambo tu ya bahari, atasema pump, na hulitamka "pimp". Kwa sikio maneno haya hayana hata undugu wa mbali. Kumbe ni neno moja. Sisi Waswahili sita, saba na tisa tulizipokea kutoka Kiarabu. Waselti, yaani Waayalandi, Wawelisi na ndugu zao, namba zao za moja hadi kumi wamerithi zote.

Katika lugha mama ya Kihindi-Kiulaya, kama wanaisimu walivyoiunda upya, tano ilikuwa penkwe. Waselti wa kale waliiangusha p karibu kila mahali: baba, ambaye kwa Kilatini ni pater, kwa Kiayalandi ni athair. Tano ilinusurika kwa kuwa p yake ilikuwa imekwisha kufanana na kw inayoifuata, ikawa kwenkwe, sawa na quinque ya Kilatini. Baadaye Waayalandi waliifanya kw kuwa k, wakati wasemaji wa Britania na Galia (Ufaransa ya kale) waliihamishia midomoni ikawa p. Kwa hiyo p ya pump ni mpya kabisa. Nne nayo ilipita humo humo: ceathair, pedwar.

Ushahidi ninaoupenda zaidi uko La Graufesenque, karibu na Millau, kusini mwa Ufaransa. Katika karne ya 1 BK wafinyanzi wengi walichomea vyombo vyao katika tanuri moja, na hesabu ya nani kaweka nini ilikwaruzwa kwenye sahani. Humo zimo namba za Kigalia: cintux ya kwanza, tritos ya tatu, pinpetos ya tano, decametos ya kumi. Ziliandikwa na watu waliokuwa kazini, ili mali ya mtu isipotee.

Wengi hudai kwamba kuhesabu kwa ishirini nako ni urithi wa kale wa Waselti. Ni kweli Kiwelisi huita sitini trigain, yaani ishirini tatu. Lakini Kiayalandi cha Kale kilihesabu kwa makumi: trícha thelathini, cethorcha arobaini. Tena kumi na nane kwa Kiwelisi ni deunaw, tisa mbili, na kwa Kibretoni, lugha ndugu yake wa karibu, triwec'h, sita tatu. Ndugu wa karibu namna hii wasingeachana hapo kama wangerithi mpango mmoja. Naona mtindo huo wa ishirini ulikuja baadaye. Siku hizi shule za Welisi hufundisha hesabu kwa makumi, ila saa na tarehe bado husemwa kwa mtindo wa zamani.