Je, Wajua? Bafta maana yake ni "kilichofumwa"

Ukiingia duka la vitambaa pwani ukaomba bafta, muuzaji atakukatia kitambaa cha pamba cheupe, chepesi, kile ambacho wengi wetu tunakijua kwa shughuli nzito kuliko zote: kushona sanda. Jina lake limesafiri mbali. Ni la Kiajemi. *Baftan* ni kufuma, na *bafta* ni kitu kilichofumwa, basi. Halitaji rangi, mji wala mfumaji.

Lakini kitambaa chenyewe kilikuwa cha Gujarat, magharibi mwa India, na Kiajemi kilifika huko kwa sababu kilikuwa lugha ya watawala na wafanyabiashara wakubwa. Bafta iliyosifika zaidi ilifumwa katika mji wa Bharuch, karibu na mdomo wa mto Narmada. Wareno waliiita *bofetá*. Katika karne ya 17 Waingereza na Waholanzi waliinunua kwa wingi, nyeupe au iliyotiwa rangi.

Bharuch si mgeni kwetu. Kitabu cha mabaharia cha Kigiriki cha karne ya 1, Periplus, kinauita Barygaza, na kinaeleza merikebu zilizotoka pande hizo zikipeleka nguo za pamba, mchele na samli hadi Pembe ya Afrika.

Neno *bafta* lina ndugu wa kifahari: *zarbaft*, kitambaa kilichofumwa kwa nyuzi za dhahabu, kwani *zar* ni dhahabu. Mavazi ya wafalme na sanda yetu vimechota jina katika kitenzi kimoja.