Kitabu Kisichoweza Kuvuka Mpaka

Wakazi wa Busia na Malaba hawahitaji kufundishwa maana ya kuhamisha mzigo. Jina bodaboda lilizaliwa huku mpakani katika miaka ya 1960, baiskeli zilipobeba abiria na bidhaa kutoka kituo kimoja cha forodha hadi kingine. Kila mchuuzi hapa anajua kwamba mali isiyoweza kupita ni hasara.

Yastaajabisha basi kwamba tunaponunua vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, twauliza bei, ukubwa wa kioo na uimara wa betri. Aghalabu hatuulizi kitabu kitaingiaje humo, na kitatokaje.

Tuchukue Kindle, iliyotolewa na Amazon mwaka 2007. Kitabu kilichonunuliwa katika duka lake huingia kwa intaneti kwa wepesi mkubwa. Faili yako mwenyewe waweza kuituma kwa barua pepe, na tangu 2022 njia hiyo hupokea EPUB, muundo unaotumiwa na wachapishaji wengi duniani. Kasoro iko kwenye kutoka. Mnamo Februari 26, 2025, kampuni hiyo iliondoa njia ya kupakua kitabu ulichonunua kwenye kompyuta na kukihamishia kifaa kwa waya.

Kobo, yenye asili ya Kanada, hufungua EPUB moja kwa moja. Unachomeka waya, unanakili, unasoma. Hata vitabu vyake vingi vyenye kufuli vyaweza kufunguliwa kwenye kifaa kingine kinachoitambua kufuli ya Adobe, mradi kimesajiliwa kwa jina la mnunuzi. Nayo simu ya kawaida, ijapokuwa huchosha macho, hupokea faili isiyo na kufuli kwa Bluetooth au kadi ya kumbukumbu, bila kugharimu intaneti hata senti.

Msomaji atauliza, kuna hatari gani? Mwezi Julai 2009, Amazon ilifuta nakala za riwaya mbili za George Orwell ndani ya Kindle za wateja waliokwisha kuzilipia, kwa kuwa aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Fedha zilirudishwa, lakini vitabu vilitoweka. Mojawapo ni ile tuijuayo kwa Kiswahili kama Shamba la Wanyama. Nakala ya karatasi iliyo rafuni mwako, nani angeingia usiku kuichukua?

Sitetei wizi wa vitabu. Mwandishi anastahili kula jasho lake. Lakini mwalimu wa Busia akinunua kitabu cha karatasi, aweza kumwazima mwenzake wa Tororo, ng'ambo ya mpaka, kisha akawarithisha wanawe. Akilipa bei inayokaribiana na hiyo kwa kitabu chenye kufuli, amepewa ruhusa ya kusoma tu, na mwenye ruhusa ni mwingine. Wahenga walinena kuwa nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Ushauri wangu ni huu. Kabla ya kutoa fedha, muulize muuzaji iwapo kifaa hufungua EPUB, iwapo hupokea faili kwa waya pasipo intaneti, na iwapo kitabu chaweza kuhamia kifaa kingine hiki kikiharibika. Nao wachapishaji wetu wauze vitabu visivyo na kufuli, au waseme waziwazi kwamba wanakodisha. Mnunuzi ana haki ya kujua anachokilipia.